Taifa la Kiswahili, gazeti la Kiingereza: Kitendawili cha Dar es Salaam

Kitendawili! Tega. Nchi iliyokienzi Kiswahili kuliko nchi nyingine yoyote barani Afrika, ambayo rais wake wa kwanza alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ilitaifisha gazeti la kila siku likawa mali ya umma. Gazeti hilo lilichapishwa kwa lugha gani?

Kila nikiwategea wanafunzi wangu wa uzamili kitendawili hiki, hujibu kwa pamoja bila kusita: Kiswahili! Mmoja wao mwaka jana alinitazama kana kwamba nimeanza kuzeeka vibaya. "Lakini Profesa, si ni Tanzania hiyo?" Ndiyo, ni Tanzania hiyo hiyo. Haya basi, nipeni mji.

Jibu ni Kiingereza. Tangu mwaka 1970 hadi mwishoni mwa mwaka 2006, gazeti la kila siku lililomilikiwa na Serikali ya Muungano wa Tanzania lilikuwa la Kiingereza. Kwa miaka 36, dola lililomfundisha mkulima kusoma Kiswahili halikuwa na gazeti lake la kila siku ambalo mkulima huyo angeweza kulisoma. Nadhani tukikifumbua kitendawili hiki vizuri, tutajifunza jambo kuhusu lugha na dola ambalo linatuhusu hata sisi Wakenya, tena linatuhusu leo.

Tuanze nyuma kidogo. Serikali zilizotawala Tanganyika kabla ya uhuru hazikukiogopa Kiswahili katika magazeti yao. Wajerumani walipokuwa wakitawala, shule ya serikali pale Tanga ilitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza nao walipoichukua nchi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza hawakukawia. Januari 1923, Idara ya Elimu ilianza kutoa Mambo Leo, gazeti la kila mwezi, kwa Kiswahili. Humo mlikuwa na habari za utawala, mafunzo ya kilimo na usafi, hadithi, barua na mashairi. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mmoja wa washairi waliochapishwa humo.

Sasa, mbona mkoloni alimwandikia Mwafrika kwa Kiswahili? Si kwa mapenzi. Alikuwa na mambo ya kumwambia: lima pamba hivi, chemsha maji, lipa kodi kwa wakati. Aliyetaka kuwaambia watu wa makabila zaidi ya mia jambo moja kwa mkupuo alihitaji lugha moja, na lugha hiyo ilikuwapo tayari. Ni kweli kwamba wasomaji hawakukaa kimya. Walilichukua gazeti la bwana mkubwa wakaligeuza baraza lao, wakaandikiana barua na kujibizana kwa tungo. Lakini nia ya mwenye gazeti ilibaki kuwa ya kuagiza na kuelekeza.

Mijadala ya wakubwa ilikuwa na mahali pake pengine. Mwaka 1930 lilianzishwa Tanganyika Standard mjini Dar es Salaam, dada wa East African Standard la hapa Nairobi. Hilo lilikuwa gazeti la kibinafsi, la Kiingereza, likisomwa na walowezi, wafanyabiashara na maafisa wa serikali. Humo ndimo watu walimobishana kuhusu bei ya mkonge, ushuru, reli na siasa za London.

Naomba msomaji ashike mgawanyo huu, maana ndio ufunguo wa makala haya. Ukoloni uliacha lugha mbili zenye kazi mbili: Kiswahili kiwe lugha ya kuwaambia watu, Kiingereza kiwe lugha ya kujadiliana kuhusu watu.

Harakati za uhuru ziliutikisa mgawanyo huo. TANU ilikuwa na Sauti ya TANU mwaka 1957, kisha ikawa na Uhuru, gazeti la Kiswahili lililoanza mwaka 1961, mwaka wa uhuru wenyewe. Ngurumo, gazeti la kibinafsi lililozaliwa mwaka 1959, lilipendwa mno na watu wa kawaida wa mjini, na lilidumu hadi mwaka 1976. Kurasa za mashairi za magazeti haya zilikuwa si mchezo. Mtu alitunga, mwingine akamjibu kwa bahari ile ile, wa tatu akawaamulia. Anayesema kwamba Mswahili hakuwa na utamaduni wa mjadala gazetini basi hakuzisoma kurasa hizo.

Hata hivyo, mwaka 1964 TANU iliona haja ya kuwa na gazeti la kila siku la Kiingereza pia. Likaanzishwa The Nationalist. Chama kikawa na ndimi mbili. Serikali yenyewe ilikuwa na redio, iliyozungumza Kiswahili mchana na usiku, na ilikuwa na majarida ya Wizara ya Habari kama vile Nchi Yetu. Gazeti la kila siku haikuwa nalo. The Standard liliendelea kuwa mali ya wageni.

Ndipo likaja Azimio la Arusha. Tarehe 5 Februari 1967 Tanzania ilitangaza kwamba njia kuu za uchumi zitakuwa mikononi mwa umma. Mabenki yakataifishwa, mashamba ya mkonge, bima, viwanda. Mwaka huo huo Kiswahili kikatangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likaundwa kwa sheria ya Bunge. Miaka mitatu kamili baadaye, tarehe 5 Februari 1970, ikafika zamu ya The Standard. Likataifishwa. Rais Julius Nyerere akawa Mhariri Mkuu kwa cheo, na kazi ya kila siku ikakabidhiwa mhariri mtendaji.

Mhariri huyo hakuwa Mtanzania. Alikuwa Frene Ginwala, mzaliwa wa Johannesburg na mwanachama wa ANC, ambaye baadaye, mwaka 1994, angekuja kuwa Spika wa Bunge la kwanza la kidemokrasia la Afrika Kusini. Alikuwa amewahi kuhariri jarida la Spearhead mjini Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1960, akafukuzwa nchini, kisha akaitwa tena na Nyerere kuja kuliongoza gazeti la taifa.

Nyerere aliliandikia gazeti hilo dira, nayo ikachapishwa siku ile ile ya kwanza. Kwa muhtasari alisema hivi: gazeti litaunga mkono misingi ya taifa la kijamaa, lakini litakuwa huru kushiriki katika mjadala wa kukubali au kukataa pendekezo lolote, liwe la TANU au la Serikali, na litafichua uzembe na ufisadi. Ukiyasoma maneno yale leo unashangaa. Ni rais gani wa enzi zile aliyeliruhusu gazeti lake limkosoe, tena kwa maandishi?

Na kwa kweli walijaribu. Nimewahi kukaa siku kadhaa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, nikifungua majalada ya magazeti ya miaka ile, vumbi na yote. Kinachokupata ni joto la kurasa zile. Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa chuo kikuu waliandika gazetini wakiuliza: nchi ya kijamaa inajenga mahoteli ya kitalii ya nini? Fedha za umma zitumike kuwakirimu matajiri wa Ulaya huku vijiji havina maji? Je, utalii hautatufanya tuwe taifa la watumishi? Serikali ikajibu. Wasomi wakajibu majibu. Wengine wakatetea utalii kwa hoja ya fedha za kigeni, wengine wakauponda kwa hoja ya utu. Mjadala ukachukua miezi. Issa Shivji, aliyekuwa kijana msomi wa sheria wakati huo, alizikusanya hoja hizo katika kitabu kiitwacho Tourism and Socialist Development, kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Hadi leo ni miongoni mwa mijadala mizuri zaidi ya sera iliyowahi kufanyika katika gazeti la serikali Afrika Mashariki.

Lakini hebu ngoja kidogo. Nani waliokuwa wakijadiliwa? Mhudumu wa hoteli. Mpishi. Mvuvi ambaye ufuo wake ungejengwa hoteli. Mfugaji ambaye malisho yake yangefanywa mbuga ya wanyama. Na mjadala wenyewe uliendeshwa kwa lugha ipi? Kwa Kiingereza, lugha ya waliopata bahati ya kusoma sekondari, na waliopata bahati hiyo walikuwa wachache mno. Suala lilikuwa kama taifa litageuka kuwa la watumishi, na watumishi wenyewe hawakuwa na namna ya kuchangia. Barua zilikuwa kali, hoja zilikuwa nzuri, nia ilikuwa njema. Ila mlango wa baraza ulikuwa mwembamba.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wanahistoria wa vyombo vya habari. Wao wakiisimulia habari ya The Standard huitazama kama hadithi ya uhuru wa mhariri: je, gazeti la serikali laweza kuwa huru? Na kweli wana kisa kinono. Mwaka 1971, baada ya jaribio la mapinduzi kule Sudan, Jaafar Nimeiry aliwanyonga viongozi wa chama cha kikomunisti. Tahariri ya The Standard ikamshutumu waziwazi. Nimeiry alikuwa rais rafiki wa Tanzania. Haukupita muda Ginwala akaondolewa kazini, na nafasi yake akapewa Sammy Mdee. Dira ya Nyerere ilikuwa imefika ukingoni mwake: unaweza kuikosoa Serikali, lakini usiitie aibu mbele ya wageni wake.

Kisa hicho ni muhimu, sikikatai. Lakini kinatufanya tusahau swali la pili, lililo kubwa vilevile: gazeti hilo lilikuwa likizungumza na nani? Uhuru wa kusema una pande mbili, yule anayesema na yule anayeweza kusikia. Ginwala alipokuwa huru kabisa, na hata Ginwala alipofukuzwa, mwanakijiji wa Sumbawanga hakuona tofauti yoyote. Hakuwa msomaji wake wakati wote huo.

Tarehe 26 Aprili 1972, siku ya kuadhimisha Muungano, The Standard na The Nationalist yaliunganishwa yakawa Daily News. Mhariri wake akawa Benjamin Mkapa, aliyekuwa akihariri The Nationalist, na ambaye mwaka 1995 angekuwa Rais wa tatu wa Tanzania. Jina likabadilika, mwenye mali akabaki yule yule, lugha ikabaki ile ile. Hata Wakenya walikuwapo. Marehemu Philip Ochieng, ambaye wasomaji wengi wa magazeti ya hapa kwetu walimjua kwa makala zake za Kiingereza kigumu chenye mizizi ya Kilatini na Kigiriki, aliandikia gazeti hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Dar es Salaam ilikuwa Makka ya wanamapinduzi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake huko. FRELIMO walikuwa huko, ANC walikuwa huko, Walter Rodney alikuwa akifundisha Mlimani. Gazeti lilikuwa na kazi ya kusikika Lusaka, London na New York.

Wakati huo huo, upande wa pili wa nchi, jambo la ajabu lilikuwa likitendeka. Mwaka 1970, mwaka ule ule wa kutaifishwa kwa The Standard, ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee kwa vijana walikalishwa chini ya miembe, ubao ukaegemezwa kwenye shina, wakaanza: ba, be, bi, bo, bu. Mwaka 1967 ni kama thuluthi moja tu ya watu wazima waliojua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1975 takwimu rasmi zilisema wamefika asilimia 61. Sijui kama kuna nchi nyingine Afrika iliyozalisha wasomaji wapya wengi namna hiyo kwa muda mfupi namna hiyo. Na wote hao walizalishwa kwa Kiswahili.

Wasome nini basi? Yalitolewa magazeti madogo ya vijijini, mathalani Elimu Haina Mwisho la kule Mwanza, lililolenga wale waliohitimu kisomo. Yalikuwa magazeti mazuri ya kazi yake: mbolea, lishe, choo, hadithi. Lakini hebu tulinganishe orodha hiyo na ile ya Mambo Leo ya mwaka 1923. Zinafanana, si ndiyo? Serikali ilikuwa imebadilika kabisa kwa nia na kwa rangi, lakini mgawanyo ule wa mkoloni ulikuwa umepenya hadi ndani ya nyumba ya ujamaa. Kwa Kiswahili, mkulima anaambiwa. Kwa Kiingereza, mkulima anajadiliwa.

Najua kuna msomaji ambaye tayari ameinua mkono. "Profesa, Uhuru je? Si lilikuwa la Kiswahili, na si TANU ndiyo iliyokuwa Serikali?" Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Katika mfumo wa chama kimoja, mpaka kati ya chama na dola ulikuwa mwembamba kama ukuta wa karatasi. Uhuru liliwafikia watu ambao Daily News halingewafikia kamwe. Isitoshe, lugha yetu inalidai gazeti hilo na Redio Tanzania deni kubwa. Maneno kama vile ujamaa, unyonyaji, kabaila, bepari, ubeberu na kujitegemea yalienea na kukomaa kupitia kwao. Neno ikulu, lenye asili ya Kinyamwezi na Kisukuma, likawa la taifa zima. Nyerere alipoachia madaraka mwaka 1985 na kutuletea kung'atuka kutoka Kizanaki, ni vyombo hivyo vilivyolipokea na kulitembeza hadi likatufikia huku Kenya, ingawa huku kwetu wenye kulitenda ni wachache kuliko wenye kulitamka!

Lakini chama na dola, hata vikilala kitanda kimoja, si kitu kimoja. Gazeti la chama huwahutubia wanachama na wale linaotaka wawe wanachama. Kazi yake ni kuhamasisha: kueleza uamuzi uliokwisha kupitishwa na kuwataka watu wautekeleze. Dira ya mwaka 1970 iliyosema gazeti litajadili pendekezo kabla halijawa uamuzi haikuandikiwa Uhuru. Iliandikiwa gazeti la Kiingereza.

Kuna mwingine atakayesema kwamba haikuwezekana, Kiswahili hakikuwa na istilahi za kutosha. Kwake nina jibu moja: Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mapinduzi ilikuwa na gazeti lake la Kweupe, kwa Kiswahili. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla Serikali ya Muungano haijaamka, Zanzibar ilikwisha kuanzisha Zanzibar Leo, gazeti la kila siku la serikali, kwa Kiswahili. Kisiwa kiliweza, bara lote likashindwa? Istilahi hutafutwa na anayezihitaji. Mhariri asiyetakiwa kuandika habari za bajeti kwa Kiswahili hatalala macho akitafuta Kiswahili cha nakisi ya bajeti.

Kwa nini basi ikawa vile? Mimi naona sababu tatu. Ya kwanza ni urithi. Anayetaifisha huchukua alichokikuta. Serikali ilitaifisha mtambo, jengo, waandishi na wasomaji, na vyote hivyo vilikuwa vya Kiingereza. Ilikuwa rahisi kubadilisha tahariri kuliko kubadilisha msomaji. Ya pili ni ile ya ukombozi niliyoitaja: Dar es Salaam ilitaka kusikika duniani. Ya tatu ndiyo chungu. Wasomi wa kijamaa, pamoja na mapenzi yao yote kwa mkulima, walifikiri kwa Kiingereza. Shule ya sekondari ilifundisha kwa Kiingereza, chuo kikuu kilifundisha kwa Kiingereza. Walipotaka kubishana na wenzao walitumia lugha waliyofundishiwa kubishana. Hakuna aliyekaa chini akaamua kumfungia mkulima nje. Mlango ulijifunga wenyewe, na hakuna aliyekuwa ndani aliyehisi upepo umekatika.

Gharama ilikuja kuonekana baadaye. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa, Uhuru lilibaki kuwa mali ya CCM, kama ilivyo haki yake. Ghafla mpaka ule wa karatasi ukawa ukuta wa mawe. Mtanzania asiyekuwa mwana-CCM, anayelipa kodi kama wengine, akatazama huku na huku: gazeti la kila siku la Kiswahili lenye sauti ya viongozi wa nchi ni la chama asichokitaka. Gazeti ambalo ni lake kwa sheria, linaloendeshwa kwa jina la umma, limeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Pengo hilo halikuzibwa na dola. Lilizibwa na wafanyabiashara. Miaka ya 1990 ikaleta Majira, Nipashe, Mtanzania na mengine, na mwaka 2000 likaja Mwananchi. Yote ya Kiswahili, na yote yakapata wasomaji. Kumbe soko lilikuwapo! Wale waliofundishwa ba, be, bi chini ya mwembe, pamoja na watoto wao, walikuwa wakisubiri.

Ndipo Desemba 2006 kampuni ya serikali inayochapisha Daily News ilipotoa HabariLeo. Serikali ikawa imefika sokoni baada ya wachuuzi wote. Tuipongeze hata hivyo, kwani kuchelewa si kukosa.

Hata hivyo, nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba Kiswahili ni dawa ya kila ugonjwa. Hakimpi mhariri kinga. Agosti 2021, miaka 50 baada ya kisa cha Ginwala, Uhuru lilichapisha habari kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hakuwa na nia ya kugombea mwaka 2025. Chama chenye gazeti kikalisimamisha, na Serikali nayo ikalifungia leseni kwa wiki mbili. Lugha ilikuwa Kiswahili safi, mwenye gazeti alikuwa chama tawala chenyewe, na bado rungu likashuka. Uhuru wa kusema unahitaji sheria na ujasiri, mambo ambayo kamusi haiwezi kuyatoa. Lakini kuna tofauti moja. Gazeti la Kiswahili likifungiwa, mwenye kibanda cha kahawa anajua limefungiwa na anauliza kwa nini. Mwaka 1971 hakuuliza, kwa sababu hakuwa na cha kukikosa.

Sasa tuje nyumbani, maana kumcheka jirani ni rahisi. Sisi Wakenya hatuna gazeti la kila siku la serikali. KANU ilikuwa na lake, Kenya Times, kuanzia mwaka 1983, na ilikuwa na Kenya Leo la Kiswahili, yote yamekwisha kufa. Lakini dola letu lina chapisho ambalo ni la lazima kuliko gazeti lolote: Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1899. Kuna pia MyGov, chapisho la kila wiki la matangazo ya serikali. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Fungua Gazeti Rasmi la Ijumaa yoyote uone hiyo lugha rasmi ya kwanza kutajwa iko wapi.

Na humo si mahali pa mchezo. Mtu akipoteza hatimiliki ya shamba na akaomba nyingine, msajili wa ardhi hutangaza humo kwamba hati mpya itatolewa baada ya siku 60 iwapo hakuna atakayepinga. Siku 60! Tangazo linamtaja mwenye shamba, nambari ya kipande na eneo kilipo. Mwenye haki ya kupinga anaweza kuwa mjane kule Kwale au mzee kule Bungoma ambaye Kiswahili anakisoma vizuri, Biblia yake au Msahafu wake uliotafsiriwa anausoma bila miwani, lakini Kiingereza cha msajili hakimwingii. Siku zinahesabiwa. Sheria inamchukulia kuwa ameambiwa.

Hapa mgawanyo wa mkoloni umegeuka kuwa mbaya zaidi kuliko ulivyokuwa kwa jirani zetu. Kule angalau mkulima aliambiwa kwa Kiswahili na kujadiliwa kwa Kiingereza. Huku anajadiliwa kwa Kiingereza na kuambiwa kwa Kiingereza.

Kazi yenyewe si kubwa. Matangazo ya ardhi ya Gazeti Rasmi yana umbo moja linalojirudia maelfu ya mara: maneno yale yale, yanayobadilika ni jina, nambari na tarehe tu. Wakalimani wawili na mwanasheria mmoja wangeyatafsiri maumbo hayo yote kwa mwezi, kisha yakatumika miaka na miaka. Tunao wahitimu wa tafsiri ambao vyuo vyetu huwatoa kila mwaka na kuwaacha wakirandaranda. Tunayo ibara ya Katiba. Tanzania iliwafundisha watu kusoma kisha ikachelewa miaka 36 kuwapa gazeti la kila siku la serikali yao. Sisi tumekwisha kuwafundisha pia. Tangazo la kwanza la ardhi kwa Kiswahili linaweza kuchapishwa Ijumaa ijayo.